Mteremko unaopanda: m na c kwa anayeingia kidato cha kwanza

Kuna kosa nililolifanya kidato cha kwanza ambalo sijalisahau hadi leo, na sasa nimevuka miaka hamsini. Mwalimu aliandika ubaoni y = 2x + 1 akatuambia tuchore. Nilikuwa na miezi mitatu tu tangu nitoke shule ya msingi, Kiingereza changu kilikuwa cha salamu. Mwalimu akasema gradienti ni mbili. Nikamuuliza jirani yangu, gradienti ndiyo nini? Akaninong'oneza: "Mteremko."

Basi nikachora mteremko. Nikaanza kwenye 1, nikashuka. Mstari ulinyooka kama uzi wa fundi mwashi, nao ulikuwa unaelekea chini. Kalamu nyekundu ikaukata mara mbili.

Sikuwa mjinga. Nimekulia Mombo, chini ya milima ya Usambara, na marehemu baba alikuwa utingo wa malori ya mboga. Kwetu mteremko ulikuwa kitu kimoja: kutoka Lushoto kuja Mombo, lori limeshiba kabichi, dereva ameshikilia gia ndogo, harufu ya breki imejaa kila mahali, na baba amekaa nyuma na gogo lake la kuwekea tairi. Ukiwa unatoka Mombo kwenda juu, hakuna mtu aliyeuita mteremko. Ulikuwa mlima, na ulipandwa.

Siku hizi kila mwaka, darasa la saba wakishamaliza mtihani wao wa Septemba, watoto kumi na kitu huja kwenye baraza langu kwa tuisheni ya kusubiri Januari. Hisabati yao si mbaya. Kinachowasubiri ni kwamba somo lilelile litageuka lugha, kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, na maneno mawili yatakayowasumbua mapema ni gradienti na intasepti. Haya ninayoandika ndiyo ninayowaambia kwenye baraza.

Barabara moja, majina mawili

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni takriban kilomita 33. Mombo iko kama mita 400 juu ya usawa wa bahari, Lushoto kama mita 1,400. Kwa hiyo lori linapanda mita 1,000 ndani ya kilomita 33. Gawanya 1,000 kwa 33, unapata kama 30. Barabara yenyewe ina kona zisizohesabika na kuna mahali ni kali kuliko pengine, lakini kwa wastani kila kilomita unayokwenda unapanda mita 30.

Hiyo 30 ndiyo mteremko. Usiuchanganye na urefu wa barabara wala urefu wa mlima. Ni kiasi unachopanda kwa kila kilomita moja.

Sasa geuza lori. Ukianzia Lushoto, kila kilomita unayokwenda unapoteza mita 30, kwa hiyo mteremko ni −30. Barabara haijabadilika hata jiwe moja. Kilichobadilika ni ncha uliyoanzia.

Kwenye grafu hatuwezi kuacha kila mtu aanze upande anaoutaka, kwa hiyo kuna makubaliano: mstari unasomwa kutoka kushoto kwenda kulia, kama unavyosoma sentensi hii. (Mababu zetu wa pwani walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu walianza kulia, lakini grafu haikuwafuata.) Weka kidole kwenye ncha ya kushoto ya mstari, kiburute kwenda kulia. Kidole kikipanda, mteremko ni chanya. Kikishuka, ni hasi. Kisipopanda wala kushuka, ni sifuri.

Kwa hiyo katika hisabati mteremko unaweza kupanda. Najua sikio linakataa. Wako wanaopendelea kusema mwinamo, na neno hilo lina afadhali kwa sababu kitu kinaweza kuinama upande wowote. Lakini wengi watakuambia mteremko, nami nitaendelea nalo hapa. Ukishaonywa, halitakudhuru kama lilivyonidhuru mimi.

Tafuta "kwa kila"

Mwaka juzi kwenye harusi ya mtoto wa dada yangu kamati ilinipa kazi ya viti. Mwenye viti akanitajia bei: shilingi 500 kwa kila kiti, na shilingi 20,000 za gari la kuleta na kurudisha. Nilivyofika nyumbani nikaiandika bei ile kwenye ubao wa barazani, na tangu hapo sijapata mfano mzuri kuushinda.

Viti 10 ni shilingi ngapi? 500 mara 10 ni 5,000, ongeza 20,000 za gari, jumla 25,000. Viti 50? 25,000 na 20,000, jumla 45,000. Viti 200? 100,000 na 20,000, jumla 120,000. Kila safari umefanya jambo lilelile: umezidisha 500 kwa idadi ya viti, ukaongeza 20,000. Idadi ya viti ikiwa x na fedha utakazolipa zikiwa y, basi

y = 500x + 20,000

Huo ni mlinganyo wa mstari ulionyooka, na umetoka mdomoni mwa mwenye viti, hakuna aliyeutoa kitabuni. Umbo lake ndilo watakalokuandikia ubaoni: y = mx + c. Herufi m ni mteremko, nao hapa ni 500. Herufi c ndiyo ile intasepti, yaani mahali mstari unapokata mhimili wa y (ule uliosimama wima), nayo hapa ni 20,000. Mimi c naiita mkato, kwa ufupi.

Utazitofautishaje? Sikiliza lugha. Namba ya m siku zote ina "kwa kila" ndani yake: shilingi 500 kwa kila kiti, mita 30 kwa kila kilomita. Namba ya c haina "kwa kila". Ni shilingi 20,000, basi, uchukue kiti kimoja au mia tatu. Mtoto akinipa jibu la mteremko bila kunisomea na "kwa kila" yake, namrudisha akakae. Wananiona mkali, lakini hili peke yake limeokoa alama nyingi kuliko kanuni yoyote niliyowahi kuwakaririsha.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza swali zuri: mwalimu, kama x ni sifuri, y ni 20,000, sasa nani anakodi viti sifuri halafu analipa gari? Darasa likacheka. Lakini jibu lipo. 20,000 ni deni ulilo nalo kabla kiti cha kwanza hakijashuka kwenye gari. Ndivyo mkato ulivyo: hali ilivyokuwa kabla x haijaanza kutembea. Wakati mwingine hali hiyo huwezi kuiona kwa macho, kama viti sifuri, lakini hesabu inaihitaji ili ipate pa kuanzia.

Na kuna mambo ambayo c yake ni sifuri. Ukipeleka mahindi mashineni unalipa kwa kilo tu, hakuna kiingilio. Hapo mlinganyo unabaki y = mx, na mstari unapita pale mihimili inapokutana, kwenye (0, 0).

Mwenye viti wa pili

Kamati haikukubali bei ya kwanza bila kuulizia kwingine, kamati hazikubaligi. Wa pili alikuwa anatoka mbali zaidi: gari 40,000, lakini viti vyake 300 kila kimoja. Wazee wakaanza kubishana. Mmoja anasema wa pili ni ghali, tazama gari lake. Mwingine anasema ni rahisi, tazama viti vyake. Wote walikuwa sahihi, na wote walikuwa wanatazama namba moja tu.

Wa kwanza: y = 500x + 20,000
Wa pili: y = 300x + 40,000

Wa kwanza ana mkato mdogo na mteremko mkali. Wa pili ana mkato mkubwa na mteremko wa pole. Mstari wa kwanza unaanzia chini lakini unapanda haraka, kwa hiyo lazima mahali fulani uukute wa pili na kuupita. Wapi? Pale y zao zinapolingana:

500x + 20,000 = 300x + 40,000
200x = 20,000
x = 100

Kwenye viti 100 wote wawili wanataka shilingi 70,000. Chini ya 100, chukua wa kwanza. Zaidi ya 100, chukua wa pili. Sisi tulihitaji viti 250, tukachukua wa pili kwa 115,000 wakati wa kwanza angetaka 145,000. Elfu thelathini hizo zilikwenda kwenye soda.

Chora kwa mkono wako

Darasa la saba ulishafanya majira nukta, kwa hiyo kuweka (3, 2) kwenye grafu hakukusumbui: tatu kulia, mbili juu. Chukua daftari la vijiboksi, penseli iliyochongwa na rula. Kalamu ya wino iache, utakosea.

Tuanze na ule mstari ulioniaibisha, y = 2x + 1. Kwanza mkato: c ni 1, kwa hiyo weka nukta kwenye mhimili wa y, juu ya sifuri kwa hatua moja, yaani (0, 1). Hiyo ndiyo nyumbani. Sasa mteremko: 2 maana yake 2 kwa kila 1. Kutoka nyumbani sogea kulia hatua 1, panda hatua 2. Weka nukta, umefika (1, 3). Rudia: kulia 1, juu 2, umefika (2, 5). Nukta tatu zinatosha. Mbili tu zingeweza kuchora mstari, ila ya tatu ni shahidi: isipokaa kwenye mstari pamoja na wenzake, umekosea mahali.

Mteremko ukiwa sehemu, usiukimbie, ni rahisi zaidi. Chukua y = −⅔x + 4. Nyumbani ni (0, 4). Asili ya sehemu, ile namba ya chini, inakuambia uende kulia hatua ngapi: 3. Kiasi, ile ya juu, kinakuambia upande au ushuke ngapi: 2, na kwa kuwa kuna alama ya kutoa, unashuka. Kutoka (0, 4), kulia 3, chini 2, umefika (3, 2). Tena kulia 3, chini 2, umefika (6, 0). Wanaogeuza ⅔ kuwa 0.67 wanajitafutia taabu ya bure, kwa sababu hakuna kijiboksi cha 0.67.

Alama ya hasi itumie mara moja. Wengine wanashuka chini na pia wanakwenda kushoto kwa sababu "ni hasi". Ukishuka na kwenda kushoto kwa pamoja, ukirudi kusoma mstari kutoka kushoto utakuta unapanda. Hasi mbili zimefutana. Nenda kulia siku zote. Alama iache iamue juu au chini.

Kisha kuna suala la vipimo vya mihimili, na hapa huwa nasimama muda mrefu. Ukitaka kuchora mstari wa viti huwezi kupanda vijiboksi 500. Unaamua kijiboksi kimoja kulia ni viti 10, na kijiboksi kimoja juu ni shilingi 10,000. Ukishachora utaona mstari unapanda kijiboksi kimoja kwa kila vijiboksi viwili vya kulia. Mtoto anahesabu vijiboksi, anaandika mteremko ni ½. Kosa. Kijiboksi kimoja cha juu ni shilingi 10,000 na viwili vya kulia ni viti 20, na 10,000 gawanya kwa 20 ni 500, kama mwenye viti alivyosema. Hesabu thamani zilizoandikwa kwenye mihimili, vijiboksi ni karatasi tu. Kwa sababu hiyohiyo usiseme mstari huu ni mkali kuliko ule kwa kutazama picha mbili zenye vipimo tofauti. Ukibana mhimili wa x, hata tambarare ya Mkomazi itaonekana kama ukuta.

Mtungi wa gesi

Mteremko hasi watoto wanauelewa jikoni. Nyumbani kwangu tunatumia mtungi mdogo, ule wa gesi ya kilo 6. Tuseme tunachoma gramu 200 kwa siku, yaani kilo 0.2. Baada ya siku x, gesi iliyobaki ni

y = −0.2x + 6

Siku ya 10 zimebaki kilo 4. Siku ya 30 zimebaki sifuri, na mama watoto amenuna. Mkato ni 6, kilo zilizokuwemo siku mtungi ulipoingia. Mteremko ni −0.2, kilo zinazopotea kwa kila siku. Mahali mstari unapogusa mhimili wa x, kwenye 30, ni siku ya kuwa na mkaa wa akiba.

Sasa fanya hivi. Gesi huwezi kuipima peke yake, unapima mtungi mzima na chuma chake. Tuseme chuma kitupu kina kilo 7. Mzani siku mtungi unapoingia utasoma 13, siku ya 10 utasoma 11, siku ya 30 utasoma 7. Mlinganyo umekuwa y = −0.2x + 13. Je, mteremko umebadilika? Hapana. Mnapika chakula kilekile. Chuma kimeunyanyua mstari wote juu kwa kilo 7 bila kuuinamisha hata kidogo. Chora mistari yote miwili kwenye karatasi moja uone: iko sambamba, haitakutana hata ukiongeza karatasi hadi Korogwe.

Nawaambia wazazi wanaowasaidia watoto: kama mtoto ameelewa kwamba c inanyanyua na kushusha, na m inainamisha, amemaliza nusu ya mada. Mpe y = 3x + 1, y = 3x + 8 na y = 3x − 4 akuambie bila kuchora ni kitu gani kinafanana. Kisha mpe y = x + 2, y = 5x + 2 na y = −x + 2. Hiyo yote inatoka nyumba moja, (0, 2), na kila mmoja unashika njia yake.

Ukipewa nukta mbili tu

Tuseme mwenye viti hakukupa bei kwa utaratibu. Amesema tu: jirani yako alichukua viti 40 akalipa 40,000, na shehe alichukua 100 akalipa 70,000. Gari ni kiasi gani, na kiti ni kiasi gani?

Usiharakishe kugawanya 40,000 kwa 40 ukasema kiti ni 1,000. Gari limejificha humo ndani. Tafuta tofauti. Viti vimeongezeka 60, fedha zimeongezeka 30,000. Gari ni lilelile kwa wote wawili, kwa hiyo ongezeko lote ni la viti. 30,000 gawanya kwa 60 ni 500. Hiyo ni m.

Tofauti ya y juu, tofauti ya x chini. Binti mmoja kila siku alikuwa anazigeuza: 60 gawanya kwa 30,000, anapata 0.002. Sikumpigia kelele. Nilimwambia, isome kwa maneno. Akasoma: "Viti 0.002 kwa kila shilingi." Akanyamaza, akacheka mwenyewe, akafuta. Hajarudia.

Na angalia usichanganye mpangilio. Ukianza na 70,000 juu, anza na 100 chini. Ukianza na 40,000, anza na 40. Ukivuruga, alama itageuka na lori lako litashuka Lushoto badala ya kupanda.

Sasa c. Una m = 500, na unajua viti 40 vililipiwa 40,000. Viti vyenyewe ni 500 mara 40, yaani 20,000. Kilichobaki, 20,000, ndiyo gari. Jaribu kwa nukta ya pili: 500 mara 100 ni 50,000, ongeza 20,000, ni 70,000. Shehe hakudanganywa.

Njia hiyohiyo itakupa kanuni ambayo wengi wanaikariri bila kujua ilikotoka. Maji huganda kwenye nyuzi 0 za Celsius, ambazo ni 32 za Fahrenheit. Yanachemka kwenye 100, ambazo ni 212, ukiwa usawa wa bahari. Tofauti juu ni 180, chini ni 100, mteremko ni 1.8. Nukta ya kwanza ina x = 0, kwa hiyo mkato umepewa bure: 32. Basi F = 1.8C + 32. Joto la mwili la 37 linakuwa 98.6.

Wanavyoficha

Mtihani hautakuandikia y = mx + c ikiwa imenyooka kila mara. Utakutana na y = 4 − 3x, na nusu ya darasa itasema mteremko ni 4 kwa sababu umetangulia. Mteremko ni namba iliyoshikana na x, popote ilipokaa, pamoja na alama yake. Hapa ni −3, na mkato ni 4. Utakutana na y = x + 7, useme x haina namba. Inayo, ni 1, imezoea kutojitaja.

Au 2x + 3y = 12. Hapa usisome lolote kabla y haijabaki peke yake. Toa 2x pande zote: 3y = −2x + 12. Gawanya kila kitu kwa 3: y = −⅔x + 4. Ni ule mstari tuliokwisha kuuchora. Anayekimbilia kusema mteremko ni 2 na mkato ni 12 amesoma barua kabla ya kuifungua.

Kama unajisomea kwenye video za Marekani, wao wanaandika y = mx + b. Hiyo b ndiyo c yetu. Nimewahi kuona pia kitabu cha Sweden: kule ni y = kx + m, na m yao ndiyo mkato. Herufi ni nguo tu. Tazama ipi imeshikana na x.

Kuhusu c yenye alama ya hasi, mfano wangu hauhitaji fedha. Tazama saa ya mkononi na saa unayoitaja kwa mdomo. Mshale uko kwenye 7 asubuhi, wewe unasema saa moja. Uko kwenye 10, unasema saa nne. Saa ya mshale ikiwa x na ya mdomo ikiwa y, basi y = x − 6. Mteremko ni 1, kwa sababu kila saa moja ya Mzungu ni saa moja ya Mswahili, hakuna anayemzidi mwenzake mbio. Mkato ni −6: usiku wa manane, saa za Mzungu zinapoanza upya kwenye sifuri, Mswahili bado ana saa sita mbele yake kabla siku yake haijaanza. Na mstari unagusa mhimili wa x kwenye 6, alfajiri, jua linapochungulia. Watoto wa Kiswahili wamekuwa wakikokotoa mlinganyo huu tangu wakiwa na miaka mitano, hakuna aliyewaambia ni hisabati ya sekondari.

Imebaki mistari miwili ya ajabu. Wa kwanza ni y = 5: umelala, mteremko sifuri, kama ada ya ulinzi wa mtaa isiyojali una vyumba vingapi. Wa pili ni x = 3: umesimama wima kama nguzo ya umeme. Ukitafuta mteremko wake, tofauti ya x ni sifuri, na kugawanya kwa sifuri hakupo. Usiandike mteremko ni sifuri. Andika hauna mteremko. Lori halipandi ukuta.

Ya kufanya leo jioni

La kwanza. Mshumaa uliwashwa. Baada ya saa 1 una sentimita 17, baada ya saa 3 una sentimita 11. Ulikuwa na urefu gani kabla ya kuwashwa, unapungua kiasi gani, na utazimika lini?

La pili. 3x − y = 5. Taja mteremko na mkato, kisha chora.

La tatu. Nenda kijiweni kwa bodaboda. Muulize nauli ya kwenda mahali pa kilomita 2, na ya mahali pa kilomita 6. Tafuta m na c. Kisha tabiri nauli ya kilomita 10 kabla hajaitaja, umuulize.

Majibu. Mshumaa ulikuwa na sentimita 20, unapungua 3 kwa kila saa, utazimika baada ya saa 6 na dakika 40. La pili, mteremko 3 na mkato −5. Kama umeandika mkato 5, umesahau kwamba y ilikuwa na alama ya kutoa mbele yake. La tatu sina jibu lake. Hapa kwetu mvua ikinyesha wanabadilisha m, na usiku ukiingia wanabadilisha c.